Safu ya Sita

Kariobangi, Nairobi
Jumamosi, nimetoka zamu

Baba Nekesa, Mwalimu wangu,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu Mama, halafu watoto kwa jinsi walivyozaliwa, na Simiyu asinune kwamba Nekesa ametajwa mbele yake. Goti lako linaendeleaje? Uliposema unaendesha baiskeli kwa mguu mmoja nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Nenda kwa yule bwana wa zahanati akutazame, acha ubishi. Na yule ng'ombe wetu wa doa jeupe, ameshazaa au bado anatuzungusha? Mimi mwilini ni mzima. Nakula, naenda kazini, narudi. Rohoni ndiko kubaya, na ndiyo sababu umekaa miezi miwili bila barua yangu.

Yako nimeipata, ile unayosema uliisoma barua yangu kanisani, watu wakapiga makofi, na Mchungaji akasema mke wa Mwalimu amewashinda madaktari kwa kalamu, nawe ukatangaza na cheo nilichoahidiwa. Jamani, Baba Nekesa! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wewe hukukosea, ulisoma nilichokuandikia. Lakini tangu siku ile mambo yamegeuka, na leo nakueleza yote, hata ukikunja uso. Utaona naandika kwenye zile karatasi ulizonipigia mistari. Zilibaki kadhaa, na sina nyingine.

Nianze mwanzo, maana nikianzia katikati utaniuliza maswali kama mkaguzi wa shule. Unajua hospitali yetu ni ya watu binafsi, na mimi niko wodi ya akina mama waliopasuliwa. Mwaka jana vidonda vyao vilikuwa vinaharibika. Mama anapasuliwa vizuri, mtoto analia vizuri, siku ya nne ukifungua bandeji unakutana na usaha. Sababu tuliijua sisi wauguzi. Vyombo vya upasuaji vilikuwa seti moja tu, foleni ya akina mama ni ndefu, basi vinatolewa kwenye maji kabla havijachemka sawasawa. Sabuni ya kunawa ilikuwa kipande kimoja kwa wodi nzima, nacho kinapotea. Na mama ambaye kidonda kimeharibika anakaa wiki juu ya wiki, gharama inapanda, hawezi kulipa, basi anazuiliwa. Haruhusiwi kwenda nyumbani mpaka jamaa zake walete kitu. Kuna mmoja alikaa hapo mpaka mtoto akaota jino.

Aliyeanza kuhesabu si mimi. Ni Nafula, yule kibarua anayetusafishia wodi, mtoto wa kwetu kabisa, wazazi wake wako ng'ambo ya mto. Anaishi Dandora na mumewe anayeokota vyuma jalalani. Hajui kusoma. Lakini siku moja nikakuta bandeji ndefu imening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba cha ndoo, ina mafundo.

"Hii nini, Nafula?"

"Ni wale walioharibika, Sista. Kila mmoja fundo lake. Nyinyi mnaandika halafu mnapoteza vitabu. Hii haipotei."

Nikaona aibu, kwa sababu kweli tunapoteza vitabu. Nikamwambia aendelee, na wauguzi wote nikawaambia wakiona kidonda kibaya wafunge fundo. Kufikia Pasaka ile bandeji ilikuwa na mafundo mpaka unashindwa kuikunja.

Nikaipeleka kwa msimamizi wa hospitali, yule tunayemwita Bwana Hesabu akiwa hayupo. Nilivaa kofia yangu vizuri, nikaiweka mezani pake. Nikamweleza habari ya seti ya pili ya vyombo, tangi la maji na sabuni mlangoni, na nguo za chumba cha upasuaji zifuliwe peke yake. Nilisema kwa uchungu, wewe unajua nikishikwa na uchungu navyosema. Akanisikiliza mpaka mwisho, si mtu mkali. Halafu akasema, "Sista, mahubiri ni ya Jumapili. Mimi nina wenye hospitali wananiuliza faida. Mama akikaa siku zaidi, si analipia kitanda siku zaidi? Sasa unataka nitumie pesa ili nipate pungufu?"

Nilitoka pale nikarudi wodini. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anaweza kuona usaha kama mapato. Ndipo nikakuandikia ile barua ya kulia, nawe ukanijibu kwamba mwenye duka huzungumzwa naye kwa lugha ya duka. Ukaniambia nijue kwanza kama hizo siku za ziada zinalipwa kweli. Ukanitumia karatasi umezipiga mistari kwa rula, safu sita, nadhifu kabisa, na ukaandika pembeni, "Jaza zote, karatasi yenye pengo haisomwi." Nilicheka. Nikawakumbuka wanafunzi wako wanavyochapwa kwa kuacha mapengo.

Basi nikafanya kazi. Kila nikitoka zamu naingia kwa karani wa malipo, namnunulia chai na mandazi, ananifungulia faili. Safu ya kwanza nikaweka jina la mama. Ya pili, anakotoka. Ya tatu, siku alizolala. Ya nne, siku ambazo angelala kidonda kingepona. Ya tano, alilipa nini mwishowe. Na ya tano ndiyo iliyosema! Maana waliokaa sana hawakulipa, Baba Nekesa. Wengine waliacha kitambulisho, mmoja aliacha redio mbovu, wengine walifukuzwa kitanda kilipohitajika. Na wakati walipokilalia, akina mama wenye pesa walirudishwa kwa kukosa kitanda. Ulisema kweli. Ile siku ya ziada ilikuwa hasara tupu.

Ikabaki safu ya sita. Sikuwa na kitu cha kuweka. Ningeikata kwa makasi tu, ningeikunja, ningeandika hata dini zao! Lakini ulikuwa umeipiga mistari, na ulikuwa umesema pengo halisomwi, nami ni mke wa mwalimu mpaka kwenye mifupa. Nikamuuliza karani kuna nini kingine kwenye faili. Akasema, "Kuna kama aliweka chochote siku ya kuingia." Nikasema haya, lete. Nikaijaza. Aliweka, hakuweka, hakuweka, hakuweka. Nikaona jinsi karatasi ilivyojaa, nikafurahi.

Mengine ulisoma kanisani. Bwana Hesabu alisoma karatasi zangu mara mbili, akavua miwani, akaniita "dada." Wenye hospitali wakaja, tukanywa chai, nikasimama mbele yao nikaeleza kwa lugha ya duka. Ndani ya mwezi seti ya pili ya vyombo ikafika, tangi likafungwa, sabuni ikawa haiishi. Na vidonda vikapona. Nakuapia, vikapona! Nafula alikuwa akipita na ndoo ananiambia, "Sista, leo tena hakuna." Wiki nzima hakuna fundo. Wiki mbili. Sista Wanja, yule muuguzi wetu kijana wa mtaa wa Jericho, alikuwa akicheza katikati ya wodi na beseni kichwani anaimba hakuna, hakuna. Miaka yote niliyovaa nguo hii nyeupe sijawahi kuwa na furaha kama ile. Ndipo nikakuandikia.

Halafu Jumatatu moja nakuja kazini nakuta ubao umepigiliwa misumari langoni. Kuanzia leo hakuna mama atakayepokelewa bila kuweka nusu ya gharama kwanza. Na chini yake maelezo: "Imeonekana kwamba wasioweka chochote siku ya kuingia ndio wanaokaa siku nyingi na kuondoka bila kulipa." Nilisimama pale nikisoma. Yale maneno nayajua. Niliyaandika mimi, kwa mkono wangu, chini ya safu ya sita, kwa sababu nilipomaliza kuijaza niliona nayo inastahili sentensi yake kama zile nyingine.

Ningeenda siku ile ile kwake. Sikuenda. Nataka ulijue hili, usije ukaniona bora kuliko nilivyo. Nilisema moyoni, labda itakuwa kwa muda, na wodi inaendelea vizuri, nisije nikanyang'anywa sabuni. Nikapita chini ya ule ubao kila asubuhi, wiki tatu, nikawa hata siusomi.

Nafula alikuwa mjamzito. Nadhani nilikuambia. Mimba ya kwanza iliyokaa, baada ya mbili kutoka. Alikuwa amenitania kwamba mtoto akiwa wa kike ataitwa Sabuni. Alikuwa afanye kazi mpaka wiki ya mwisho, nami nilikuwa nimemwambia, "Siku ikifika njoo tu, mimi mwenyewe nitakushika." Nilimwahidi, Baba Nekesa. Niliweka mkono wangu tumboni mwake nikamwahidi.

Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, siku yake ya mapumziko. Uchungu ulimshika Dandora, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Mumewe alikuwa jalalani. Majirani wakapata mkokoteni wa kijana mmoja abebaye marobota ya mitumba soko la Gikomba, wakatandika magunia, wakamlaza, wakamsukuma mpaka langoni kwetu. Askari wa lango siku hiyo ni Mzee Barasa, mtu mzima, mwenye wajukuu. Anamjua Nafula. Kila siku Nafula humletea chai. Lakini agizo lilikuwa mezani pake limetiwa muhuri, na mwenzake alishafutwa kazi wiki iliyotangulia kwa kumwonea mtu huruma. Nafula ni kibarua, analipwa kwa siku. Hayumo kwenye orodha ya wafanyakazi wanaotibiwa.

Yule kijana wa mkokoteni alikuja kunitafuta baadaye, akanisimulia. "Nilimwambia budaa wa lango, huyu mathe anaumia, si mnamjua, ni wenu. Budaa akalia, Sista, nakwambia alilia, lakini lango hakufungua. Akasema subiri nipige simu ya ndani. Simu inalia tu, hakuna mtu anashika. Tukangoja weee. Tukaamua kusukuma mpaka hospitali ile ya serikali."

Simu haikushikwa kwa sababu sisi sote tulikuwa chumba cha upasuaji. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye tangi jipya, nanawa mikono kwa dakika zile zile nilizowafundisha wenzangu, mpaka kwenye viwiko. Nilisikia simu. Nikasema wacha ilie, kwanza mikono iwe safi.

Mtoto alikuwa wa kiume. Alifika akiwa ameshakufa. Nafula walimwokoa.

Nimekaa kidogo nikanywa maji. Sasa naendelea.

Kesho yake niliingia kwa Bwana Hesabu bila kubisha. Nikampigia kelele. Nilimwambia ule ubao utoke, utoke leo, Nafula ni mtu wetu, ni yeye aliyefunga yale mafundo yaliyowapa nyinyi faida. Akaniletea kiti. Na nataka nikuambie macho yake yalikuwa mekundu, hata mimi niliyetaka kumchukia nikakosa pa kushika. Akasema, "Dada, mimi siwezi kuwaendea wenye hospitali na machozi. Wewe ndiye uliyenifundisha. Niletee hesabu kwamba ule ubao una hasara, nami nitaung'oa kwa mikono yangu."

Nikaenda kwa karani. Nikanunua chai, nikanunua mandazi. Akafungua kabati, akanitazama. "Sista, unataka faili gani? Aliyerudishwa langoni hana faili." Kweli hana. Hakuandikishwa, hakulala, hakudaiwa. Kitabuni hakuna mama aliyewahi kurudishwa. Ukisoma vitabu vya hospitali yetu utadhani wote waliokuja waliingia.

Ndipo nikafikiria ile bandeji. Ilikuwa bado kwenye msumari wake, upande mmoja umejaa mafundo, upande mwingine mweupe, maana hakukuwa tena na vidonda vya kufungia fundo. Nikampelekea Mzee Barasa. Nikamwambia, "Mzee, anza mwisho huu. Kila unayemrudisha, fundo." Aliifunga kwenye mguu wa kiti chake. Nilikuwa nikipita asubuhi namwona mzee wa watu anafunga. Wengine walitoka Dandora, wengine walitoka mbali kule Njiru, wanakuja kwa sababu wamesikia kwetu vidonda haviharibiki. Sifa yetu ndiyo iliyowaleta mpaka langoni.

Mwisho wa mwezi nikaikunja nikaipeleka. Nikaiweka pale pale nilipoiweka mara ya kwanza. Bwana Hesabu akahesabu kwa kidole, fundo moja moja, polepole. Nikasema moyoni, sasa ameona. Akachukua kalamu, akazidisha kwa siku, akazidisha kwa kitanda. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Dada, unajua umeniletea nini? Hawa ndio wangelala bure. Nikiwapelekea wenye hospitali hii, watasema ule ubao umewaokolea yote haya. Watataka uwekwe na kwenye tawi wanalojenga." Akanirudishia bandeji. "Ichukue. Nitajifanya sijaiona." Nadhani alidhani ananifanyia wema.

Hapo ndipo nilipoishiwa, Mwalimu. Nilikuwa na maneno ya huruma, hayakusikilizwa. Nikajifunza maneno ya faida, yakasikilizwa kuliko nilivyotaka. Sasa sina ya aina ya tatu. Nimeomba, nimelia, nimefikiria hata kuung'oa ule ubao kwa patasi, lakini watapigilia mwingine na kumfukuza Mzee Barasa.

Ile nafasi ya cheo uliyoitangazia kanisa ni ya kweli, nililetewa kwa barua. Walitaka niende huko Njiru kwenye tawi jipya nikawe sista mkuu, nifundishe ile karatasi. Nimekataa. Najua ada ya Nekesa, najua bati la jikoni, usinikumbushe. Nimekataa na haikusaidia chochote. Bwana Hesabu aliniambia si neno, atapelekwa Sista Wanja, karatasi imeshapigwa chapa na kila mtu anaielewa. Mimi nabaki wodini. Nikiondoka, wataanza tena kutoa vyombo kabla havijachemka, najua. Kwa hiyo nachemsha. Wanaoingia wanapona vizuri sana.

Jana nilikwenda Dandora kumwona Nafula. Nilikuwa sijaenda tangu mazishi, nilikuwa naogopa uso wake. Amekonda. Amerudi kufua nguo za watu kwa sababu kwetu hawezi kurudi, anasema miguu inakataa kupita lile lango. Alinikaribisha, akanipikia chai, hakuna neno baya alilonitolea. Hajui habari ya safu ya sita. Nilikuwa nimekwenda kumwambia, nikashindwa. Tukakaa. Akaniuliza, "Sista, vidonda?"

"Vimepona," nikasema. "Hakuna hata kimoja."

Akatabasamu kidogo. "Basi ilikuwa kazi nzuri." Akazungusha kikombe chake mkononi muda mrefu, bila kunywa. Halafu akasema, "Na mimi mlinifungia fundo?"

Nikamwambia ndiyo.

Nimesema uongo, Baba Nekesa. Mzee Barasa alianza kufunga baada yake. Na kule mwanzo ni vidonda vya wodini tu, na yeye wodini hakufika. Hayuko upande huu wala ule.

Msalimie Mama sana, mwambie dawa ya kifua nimempa kondakta wa basi la Ijumaa, aifuate stendi. Wasalimie kaka yako na shemeji pale juu, na mama wa Nafula ukimwona sokoni msalimie kwa upole, usimwambie lolote, mwachie Nafula mwenyewe amweleze. Nekesa asome. Simiyu aache kupanda juu ya paa. Kanisani usisome barua hii. Wakiuliza, sema sista ni mzima na kazi inaendelea.

Ndani ya bahasha utaikuta ile bandeji. Leo asubuhi nimemfungia Nafula fundo lake, katikati, pale palipokuwa peupe. Iweke kwenye sanduku lako la vitabu uifungie, mtu mwingine asije akaihesabu.

Mimi mkeo,
Mama Nekesa